Mgonjwa wa Kifua Sugu: Kosa ni la Nani?

Siku moja mwezi wa pili, mpunga ulipokuwa ungali mchanga majarubani, tuliketi katika benchi la wagonjwa hapa Rujewa tukingoja zamu yetu. Akaja kijana mmoja aliyejifunika pua na kinywa kwa barakoa. Hakuketi pamoja na watu. Alikwenda akasimama peke yake chini ya mwembe, mahali ambapo upepo ulipeleka pumzi yake mbali nasi. Mama wawili waliokuwa kando yetu wakatazamana, na mmoja wao akasema, wala hakujali kupunguza sauti, "Ndiye yule mwenye kifua sugu. Aliacha dawa huyo, na sasa anatuletea sisi." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, kama mtu asikiaye hukumu ya haki. Nasi hatukusema neno.

Kunyamaza kwetu kule kumetusumbua tangu siku hiyo, kwa kuwa hatukuwa na hakika kama mama yule alisema kweli au alisingizia. Katika maneno yake machache mlikuwamo hukumu nzima: ya kwamba mgonjwa wa namna ile amejitakia mwenyewe, na ya kwamba ugonjwa wake ni malipo ya uzembe wake. Je, ndivyo ilivyo? Na kama sivyo, kijana yule anadaiwa nini nasi, nasi twadaiwa nini naye? Wasomaji wetu watatuwia radhi tukilichukua jambo hili kwa mwendo wa taratibu, maana si jepesi kama lilivyoonekana pale bencheni.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, kwa ajili yao wasiopata kuusikia vema. Kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho Robert Koch, daktari wa Kijerumani, aliwatangazia wenzake mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Kijidudu hicho husafiri katika pumzi ya mgonjwa akohoapo, nacho huingia kifuani mwa mtu wa karibu. Katika nchi yetu mgonjwa hupewa dawa bila malipo: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, nao walio wengi sana hupona kabisa. Lakini viko vijidudu visivyodhurika tena kwa rifampisini wala isoniazidi, zile dawa mbili zilizo nguzo za tiba hiyo. Huo ndio uitwao kifua kikuu sugu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2023 watu wapatao 400,000 ulimwenguni waliupata.

Hapa Tanzania wagonjwa wa namna hiyo walianza kutibiwa kwa mpango maalumu mwaka 2009, katika hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, ambayo tangu mwaka 1926 ilikuwa makao ya wagonjwa wa kifua. Fikirini safari hiyo kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini: kuacha shamba na watoto, kwenda hata upande wa pili wa nchi, na kukaa huko miezi mingi. Tiba ya siku zile ilikaribia miaka miwili, na ndani yake ilikuwamo sindano ya kila siku kwa miezi kadhaa, ambayo iliwaachia wagonjwa wengine uziwi wa maisha. Baadaye tiba ilienea mikoani, vidonge vikachukua mahali pa sindano, na mwaka 2022 Shirika la Afya likashauri tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa kifua sugu. Tunashukuru. Lakini dawa hizo mpya nazo ni chache, na vijidudu havikuacha kujifunza.

Basi tuirudie hukumu ya yule mama. Hakuwa wa kwanza kuitoa. Alexander Fleming, Mskoti yule aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipokwenda Stockholm mwezi wa Desemba 1945 kupokea tuzo yake, aliwaambia wasikilizaji wake kisa cha kubuni. Mtu mmoja aliumwa koo, akajinunulia penisilini, akatumia kidogo mno: haikutosha kuviua vijidudu, ila ilitosha kuvifundisha kuistahimili. Kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapata nimonia, akatibiwa kwa dawa ile ile, nayo haikufaa kitu, kwa kuwa vijidudu vilikwisha kuizoea, akafa. Fleming akauliza ni nani mwenye kulaumiwa kwa kifo kile, naye akajibu mwenyewe ya kuwa ni mume, ambaye uzembe wake uligeuza tabia ya kijidudu. Hii ndiyo hukumu ya benchi la Rujewa, ila ilisemwa na mtu mwenye tuzo.

Nasi hatusemi ya kuwa hukumu hiyo haina ukweli. Kila mkulima wa Usangu aweza kuuona. Vijidudu ni wengi mno kifuani mwa mgonjwa, maelfu kwa maelfu, na miongoni mwao wamo wachache waliozaliwa wakiwa na ugumu ambao wenzao hawana. Dawa huwaua kwanza wale laini. Mgonjwa akiiacha nusu ya njia, wale wagumu hubaki peke yao, shamba lote likiwa lao, nao huzaana. Ni kama mtu apaliliaye jaruba, akayang'oa magugu mepesi na kuyaacha yenye mizizi mirefu kwa sababu mgongo umemuuma. Msimu ujao hataona tena gugu jepesi hata moja, wala jembe lake halitamfaa. Kwa hiyo mtu aachaye dawa bila sababu, hali amefundishwa, amekosa. Hatutalifunika jambo hilo kwa maneno laini.

Lakini je, ndivyo usugu unavyoanza siku zote?

Mwaka 1947 madaktari wa Uingereza walianza kuijaribu dawa mpya iitwayo streptomisini, iliyopatikana Marekani mwaka 1943 kutokana na viumbe vidogo vya udongoni. Walichukua wagonjwa 107 wa kifua kikuu. 55 wakapewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, na 52 wakapewa mapumziko peke yake. Baada ya miezi sita, katika wale wa dawa walikuwa wamekufa 4, na katika wale wengine 14. Watu walifurahi sana. Kumbe furaha ilikuwa ya muda: vijidudu viliizoea dawa vifuani mwa wagonjwa wengi, hali ikageuka tena, na ilipotimia miaka mitano, katika wale 55 waliopata dawa walikuwa wamekufa 32, na katika wale 52 walikuwa wamekufa 35. Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Wagonjwa hao walilala hospitalini. Sindano walichomwa na wauguzi, kwa saa iliyopangwa. Ni nani kati yao aliyeiacha dawa? Usugu ulizaliwa mikononi mwa watu watiifu, kwa sababu walipewa dawa moja peke yake, na wakati ule hapakuwa na aliyejua ya kuwa moja haitoshi. Madaktari walipojifunza hilo ndipo walipoanza kuunganisha dawa mbili, kisha tatu, ili kijidudu kiponyokacho katika hii kikamatwe na ile.

Uko mfano mwingine, wa mbali na kwetu, ambao kwa maoni yetu una nguvu zaidi. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa nao uitwao sistiki faibrosisi, ambao huwapata zaidi watu wa asili ya Ulaya, ingawa Afrika nako upo, na pengine haujulikani kwa jina. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama wote wawili, nao wazazi wenyewe huwa wazima, wala hawajui wanachokibeba. Makohozi yake huwa mazito kama utomvu, hayatoki kifuani, na vijidudu hupata humo makao ya daima. Kimoja chao huitwa sudomonasi, ambacho hukaa katika maji na udongo wenye unyevu kila mahali. Watoto hawa hutibiwa tangu uchanga. Hunywa dawa na kuvuta dawa za mvuke kila siku ya maisha yao. Mama zao huhesabu vidonge kama mtu ahesabuye fedha za ada. Pengine hakuna wagonjwa duniani walio waaminifu kuliko hao. Hata hivyo miaka ikipita, vijidudu vya vifuani mwao huwa sugu kwa dawa moja baada ya nyingine, kwa kuwa haviwezi kumalizika, na kila dawa ivigusayo bila kuvimaliza huvifundisha. Tukiuliza hapo kosa ni la nani, tutakuwa kama wale waliouliza habari za yule kipofu tangu kuzaliwa, kama dhambi ni yake au ya wazazi wake. Na jibu walilopewa wasomaji wetu wanalijua.

Lakini tuache ya Ulaya, tumrudie kijana wa chini ya mwembe. Pengine mtu atasema, wale walikuwa watiifu, bali huyu hakuwa. Haya, tujuaje? Zamani hata wataalamu walidhani ya kuwa karibu kila mwenye kifua sugu ni mtu aliyeharibu tiba yake. Siku hizi wamepima na kuhesabu kwa uangalifu zaidi, na imeonekana ya kuwa wengi wao hawakuufanya usugu huo wenyewe. Waliupokea ukiwa tayari, katika pumzi ya mtu mwingine, pengine ndani ya basi, pengine katika chumba walimolala vibarua kumi wakati wa kupandikiza mpunga. Kidonge chao cha kwanza cha kifua kikuu kilikuta kijidudu kilichokwisha kuwa kigumu.

Angalieni basi jinsi kisa cha Fleming kinavyotudanganya, ijapokuwa hakisemi uongo. Sote humtazama mume, wala hatumtazami mke. Naye mke ndiye mwenye ugonjwa sugu. Mume alipona koo lake akaenda zake. Kama mke yule angalikuja akaketi hapa Rujewa, akikohoa, mama wa benchi angalisema nini? Angalisema, "Aliacha dawa huyo." Wala asingalijua ya kuwa anamhukumu aliyekosewa badala ya aliyekosa. Kwa macho hawapambanuki. Kikohozi chao ni kimoja, barakoa yao ni moja, na kadi zao za hospitali zina rangi moja.

Sisi watu wa bonde hili tulipaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine, kwa ajili ya maji yetu. Mnamo mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu uliacha kutiririka wakati wa kiangazi huko chini, ndani ya Hifadhi ya Ruaha, nao ukaendelea kukauka hivyo miaka mingi iliyofuata. Viboko walirundikana katika madimbwi ya tope. Ndipo likaanza shauri la nani mwenye kosa. Wengine walisema ni wenye mabanio na majaruba, wengine wakasema ni ng'ombe wa Ihefu, wengine wakayataja mashamba makubwa, na wengine wakawanyoshea kidole wakata miti wa milimani. Mwaka 2006 wafugaji wengi waliondolewa bondeni pamoja na mifugo yao. Hatuna nia ya kuliamua shauri hilo hapa, maana limewashinda wenye elimu kuliko sisi. Tunalotaka kusema ni hili: hakuna mtu mmoja aliyeukausha mto. Kila mmoja alifungua kidogo, kwa sababu iliyoonekana njema machoni pake, na maji yaliyopungua hayakuwa na jina la mtu. Tena aliyeumia kwanza ni yule wa mwisho wa mfereji, ambaye huenda hakufungua kitu. Je, yuko mzee wa mfereji mwenye akili ambaye angeshuka hata mkiani, akamkuta mtu amesimama katika jaruba lililopasuka nyufa, akamtoza faini yeye?

Dawa nayo ni maji ya mfereji. Sisi huidhani kuwa mali ya mwenye kuinunua, kama sabuni, kwa kuwa tumeitoa fedha na tumeitia mfukoni. Lakini sabuni yangu nikiitumia vibaya, sabuni ya jirani haipungui nguvu. Dawa ya vijidudu sivyo. Kila atumiaye hupunguza kidogo nguvu yake kwa wote, na atumiaye ovyo hupunguza zaidi. Wala hatukuipata bure. Ile tiba ya miezi sita inayotumika ulimwenguni kote ilipatikana kwa majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Afrika Mashariki tangu mwaka 1970, madaktari wa kwetu wakishirikiana na wa Uingereza. Kabla ya hapo tiba ilikuwa ya mwaka mmoja na nusu. Wazee wetu walioikubali dawa wasiyoijua, wakatoa makohozi yao mwezi baada ya mwezi ili yapimwe, ndio waliouchimba mfereji huu. Kisha, tangu mwaka 1977, serikali pamoja na Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, waliweka mpango wa kumfuata kila mgonjwa hata amalize, mpango ambao baadaye uliigwa na mataifa mengi. Wachache wajua ya kuwa ulianzia kwetu. Twalisema si kwa kujivuna, bali ili ijulikane ni urithi wa nani unaotumiwa.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe, maana si haki kuyasema ya wengine na kuyaficha ya nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita tulipatwa na homa ya matumbo, tukapewa vidonge vya sipro. Siku ya tatu tukajisikia wazima, navyo vilivyosalia tukavitia katika kopo la majani ya chai, tukiona ya kuwa ni busara kutotupa kitu kilichogharimu fedha. Baada ya muda akaja rafiki yetu mmoja, mtu mzima, amekohoa wiki tatu. Tukamwambia, "Ndugu, tunayo dawa kali hapa." Tukampa vidonge sita. Alipata nafuu kidogo, akatushukuru, akarudi shambani. Miezi miwili baadaye alikutwa na kifua kikuu. Alipona kwa tiba ya kawaida, tunamshukuru Mungu, lakini sisi tulijifunza mambo mawili kwa kuchelewa. La kwanza, sipro huweza kukinyamazisha kifua kikuu kwa muda, ugonjwa usionekane katika kipimo, na mgonjwa huendelea kuwapumulia wenzake. La pili, sipro ni ndugu wa levofloksasini, dawa ambayo wagonjwa wa kifua sugu huitegemea sana. Kijidudu kilichofundishwa na kopo letu la chai chaweza kumkataa daktari baadaye, kifuani mwa mtu tusiyemjua. Hakuna bencheni aliyepata kutunyoshea kidole kwa ajili ya jambo hilo. Tulikuwa wazima, tumevaa shati safi, na watu walitusalimu kwa heshima.

Kwa hiyo tumefikia kuona ya kuwa kosa na wajibu ni vitu viwili, ingawa kinywani tumezoea kuvifunga katika fundo moja. Kosa hutazama nyuma, humtafuta aliyefanya; na katika ugonjwa huu mara nyingi hapatikani, kwa kuwa alikwisha kupona, au kufa, au kusahau, au walikuwa mia. Wajibu hutazama mbele, nao hauulizi ni nani aliyefanya bali ni nani awezaye. Kijana yule wa mwembe huenda hana kosa hata chembe. Hata hivyo anao wajibu mzito kuliko wetu sote, wa kumeza dawa zinazomgeuza tumbo, na kuifunika pumzi yake, na kusimama mbali na watu. Naye alikuwa akiutimiza mbele ya macho yetu. Sisi tuliokuwa na kosa, tuliketi kivulini tukimwangalia.

Najua, au tuseme twajua, maana tumezoea kusema kwa wingi, ya kuwa wako watakaotukatiza hapa. Watasema, mkimwondolea mgonjwa lawama mnampa ruhusa ya kuiacha dawa. Watu hutii kwa aibu. Neno hili si la kupuuzwa. Hata katika mfereji faini ipo, kwa yule abomoaye kingo usiku. Lakini tumewauliza watu wachache walioiacha dawa njiani kwa nini waliiacha, na hakuna hata mmoja aliyesema ni kwa sababu hakuogopa aibu. Mmoja alisema njaa: dawa zile zataka tumbo lenye chakula, naye mwezi wa kwanza hakuwa na kitu ghalani. Mwingine, kibarua, alifuata kazi upande wa pili wa bonde, na nauli ya pikipiki ya kurudi kuchukua vidonge ilipita ujira wake wa siku. Mama mmoja aliona mkojo wake umegeuka mwekundu, akadhani anakojoa damu, kumbe ni rangi ya rifampisini tu, na hapakuwa na mtu aliyemweleza. Wa nne alisema waziwazi: kila alipokwenda kuchukua dawa alionekana, na kila alipoonekana alisemwa. Huyo aliiacha dawa kwa ajili ya aibu yenyewe, ile tunayodhani kuwa ndiyo fimbo ya kumchungia.

Tena mgonjwa asemwaye hujificha, na ajifichaye huvua barakoa ili afanane na wengine. Mama yule wa benchi alitaka kujilinda, wala hatumlaumu kwa kuogopa. Lakini maneno yake yalikuwa yakimwondolea ulinzi ule ule alioutaka.

Zamani mgonjwa alitakiwa kuimeza dawa kila siku mbele ya mhudumu, naye mhudumu akaweka alama katika kadi. Hakika ilisaidia. Lakini mtu akaaye mbali alipoteza siku nzima kwa ajili ya kidonge, na wengine waliona wanachungwa kama wezi. Tangu mwaka 2006 serikali ilianza kumruhusu mgonjwa achague mwenyewe msimamizi wake, wa nyumbani au wa hospitali: mke, mama, rafiki, jirani. Tunaupenda mpango huo, kwa sababu umewakumbusha watu ya kuwa wako wengine wenye sehemu katika kidonge kile. Lakini mpango huo wadai jirani wa kuchaguliwa awepo. Mtu asiye na anayetaka kumkaribia, atamchagua nani?

Na hapo lipo jambo moja gumu, ambalo hatukupata jibu lake lote. Kule Amerika ya Kaskazini, watoto wenye ile sistiki faibrosisi walikuwa wakikusanywa kila mwaka katika kambi za likizo, wacheze pamoja na wenzao wanaoujua mzigo wao. Walizipenda sana kambi hizo. Kisha ikagundulika ya kuwa walikuwa wakiambukizana vijidudu vikali, na wengine wakafa. Basi katika miaka ya 1990 kambi zikafungwa, na hata sasa hushauriwa wasikaribiane kwa chini ya hatua mbili hivi. Yaani mtu anayekuelewa kuliko wote duniani, huyo ndiye usiyeweza kumshika mkono. Wazazi waliokubali jambo hilo hawakuwachukia watoto wa wenzao. Walitenga kwa upendo, na upendo huo ulionekana, kwa kuwa waliendelea kuandikiana barua na kupigiana simu. Basi kutengana si lazima kuwe kutupana. Yule kijana alikwenda chini ya mwembe kwa hiari yake ili atukinge. Umbali ule ulikuwa zawadi yake kwetu. Ila toka upande wetu haukurudi hata salamu. Ni hatua ngapi zatosha kumkinga mtu na pumzi, na ni ngapi zaidi tunazoziongeza kwa hofu tu? Kipimo cha kwanza daktari anacho. Cha pili hana.

Siku ile, mhudumu alitoka na bilauri ya maji na vidonge katika karatasi, akampelekea kijana pale pale chini ya mti. Tulivihesabu kwa mbali. Vilikuwa vingi, akavimeza kimoja kimoja, akifunga macho. Alipokwisha akaivaa tena barakoa. Wakati wa kuondoka ilimpasa apite mbele ya benchi letu, akazunguka kwa nje, karibu na ua, ili asitukaribie. Tukasimama, tukamwamkia kwa sauti, tukamuuliza habari za mpunga wa kwao. Alishtuka kidogo. Akasema ya kuwa maji hayajafika bado, zamu yao ni Alhamisi, naye ana shaka kama yatashuka hata mwisho. Yule mama aliyesema kwanza akamwuliza ni mfereji gani. Akamtajia. Mama akasema, "Huko hata sisi tuna jaruba," kisha akanyamaza, akaanza kutafuta kadi yake mkobani.